Puto, Pembe na Upepo wa Kerio

Baina ya milima ya Uhabeshi na nyanda za juu za Kenya liko bonde pana, ambamo upepo wa kusini-mashariki utokao Bahari ya Hindi hubanwa na kuzidi kasi, mithili ya maji yaingiapo mferejini, kisha huvuka Ziwa Turkana na kupita juu ya Kerio, Lodwar na Kakuma ukielekea Sudan Kusini. Wenyeji waujua tangu azali. Wataalamu wa anga hawakuubainisha kwa hesabu hadi mwaka 1982, J. H. Kinuthia na G. C. Asnani walipochapisha makala yao, wakitegemea chombo hafifu kabisa, nacho ni puto.

Puto hujazwa haidrojeni kwa kadiri ya kulipaisha kwa mwendo maalumu, tuseme mita 150 kwa dakika, na mpimaji hulifuata kwa darubini ya theodolaiti, akiandika kila dakika pembe mbili, ya upande na ya mwinuko. Kimo akijua kwa saa yake. Umbali aupata kwa kukigawa kimo hicho kwa tanjiti ya pembe ya mwinuko. Basi puto lililo mita 300 juu, pembe ikiwa nyuzi 20, limekwenda mita 824; dakika ifuatayo, kwa mita 450 na nyuzi 15, limefika mita 1,679. Upande usipogeuka, upepo umelisukuma mita 855 kwa dakika, yaani kilomita 51 kwa saa.

Ila ya njia hii ni kudhani kwamba puto halipunguzi mwendo wake wa kupaa. Nyuma ya mlima kama Kulal, ambako hewa huporomoka, puto huchelewa, na upepo huandikwa kuwa mkali kuliko ulivyo.

Hata hivyo jambo kubwa lilidhihirika: kiini cha upepo huu hakiko ardhini bali mamia ya mita juu, nacho huwa na nguvu zaidi usiku hata alfajiri. Hapo ndipo pana taabu ya ndege, kwani wengi wa wale wadogo watokao Ulaya na Asia husafiri usiku, na mwendo wao wenyewe ni kama kilomita 40 kwa saa. Akielekea kusini mwezi wa Oktoba na kuukabili uso kwa uso upepo wa mfano wetu, ndege huyo angerudishwa nyuma huku akipiga mbawa. Hana budi kushuka, au kupanda juu ya kiini hicho, au kungoja mikomani. Mwezi wa Aprili, arudipo kwao, upepo uleule humsaidia kwa sehemu, ingawa humvuta magharibi.

Nionavyo, vipimo vya mchana pekee havitoshi kueleza safari hizo. Ili kupima usiku, puto hufungiwa taa ndogo chini yake, na kwa kuwa taa ina uzito, haidrojeni huongezwa, ili mwendo wa kupaa usiharibike.