Kuchuchumaa, kiti na elektrodi

Pita soko la Tsoka, Lilongwe, au vijia vya kambi ya wakimbizi ya Dzaleka mchana, utamwona anayesubiri mteja amechuchumaa, nyayo zote mbili zimekanyaga chini. Amepumzika, lakini miguu yake haijalala. Jambo hili lilipimwa kwa Wahadza wa kaskazini mwa Tanzania, na mwaka 2020 mtafiti David Raichlen na wenzake wakachapisha matokeo katika jarida la PNAS: Wahadza hutulia karibu saa 10 kwa siku, ila mikao yao, kama kuchuchumaa, huishughulisha misuli ya miguu kuliko kukaa kitini.

Kipimo cha namna hii cha kazi ya misuli hutegemea elektrodi zinazobandikwa juu ya ngozi. Mbili huwekwa juu ya msuli mmoja, kufuata mwelekeo wa nyuzi zake, na mashine husoma tofauti ya umeme kati ya hizo mbili. Umeme wa msuli hufika kwenye ngozi ukiwa milivolti chache tu. Kelele inayozifikia elektrodi zote mbili sawasawa, kama ile ya nyaya za umeme wa hezi 50, hufutika kwa sehemu kubwa. Nywele, jasho na vumbi huharibu usawa huo, ndiyo maana ngozi hunyolewa na kusuguliwa kwa spiriti kwanza.

Mwongozo wa Ulaya uitwao SENIAM unapendekeza umbali wa milimita 20 kati ya elektrodi. Zikiachana zaidi, huokota umeme wa misuli jirani. Zikikaa juu ya sehemu ambapo neva huungana na nyuzi, mawimbi yanayokwenda pande mbili hufutana: namba hushuka ilhali msuli unafanya kazi. Mafuta chini ya ngozi nayo hufifisha umeme kama blanketi linavyofifisha sauti.

Kwa hiyo namba ghafi za watu wawili hazilinganishiki. Mtu hulinganishwa na nafsi yake: elektrodi zilezile, hazijabanduliwa, kwanza kitini, kisha akichuchumaa.

Hata hapo kuna mtego. Goti likikunjwa, ngozi hutanuka na msuli huteleza chini yake, kwa hiyo elektrodi iliyotulia hujikuta juu ya sehemu nyingine ya msuli. Mpimaji makini huibandika mbali na pale neva inapoungana na nyuzi, hufunga nyaya zisivute, kisha huangalia kama tofauti inajirudia kwa mtu baada ya mtu. Ikijirudia, ndipo tuseme ni miguu iliyozungumza, si gundi.