Ntatakwa wa Milansi: Je, Alikuwako?

Wafipa husimulia ya kuwa Ntatakwa, mtawala wa kwanza wa Milansi, alianguka kutoka mbinguni. Maana yake, nadhani, hakupewa nchi na mtu. Kule Kilwa jina la Sultani Ali bin al-Hasan lasomwa katika sarafu. Milansi haina sarafu. Lakini wanawake wageni wa ukoo wa Twaci walipotwaa ufalme, Milansi iliachiwa kijiji chake na heshima yake, na masimulizi ya washindi wenyewe, hata huku Laela, yakiri hivyo. Mshindi hamtungii mshindwa heshima bure. Roy Willis, katika kitabu chake cha mwaka 1981, ameyapima vema hayo. Basi utawala wa Milansi naukubali. Ntatakwa mwenyewe, bado.