Vita Machoni pa Mtumwa

Habari za vita vya uhuru wa Marekani, vilivyoanza mwaka 1775 na kwisha 1783, twazisoma zaidi katika vitabu vya majemadari. Liko simulizi fupi livielezalo vita hivyo kwa macho ya mnyonge. Mwandishi wake ni Boston King, mtu mweusi aliyezaliwa mtumwa karibu na Charleston, katika pwani ya South Carolina. Aliliandika alipokuwa mwanafunzi huko Kingswood, Uingereza, likapigwa chapa mwaka 1798 katika gazeti la Wamethodisti.

Sifa yake ya kwanza ni ukweli usiojipamba. Mwingine angalijisifu kwamba aliwakimbilia Waingereza kwa kupenda uhuru. King asema alikimbia kwa ajili ya farasi: alimwazima, mtumishi mwingine akamchukua na kukawia naye, basi akaogopa adhabu. Utamu wa uhuru aliuonja baadaye. Kambini akapatwa na ndui. Wagonjwa weusi walitengwa mbali na jeshi, pengine wakashinda kutwa bila chakula wala maji. Askari mmoja akamhudumia. Naye askari yule alipojeruhiwa, King akamwuguza. Mambo kama hayo yanatufundisha vita kuliko hesabu ya mizinga.

Hata amani haikuwa amani kwa wote. Mwaka 1783 zilivuma habari mjini New York kwamba watumwa waliotoroka watarudishwa kwa mabwana zao, na mabwana wakaja kuwakamata njiani, hata vitandani. Neno lililowafurahisha wengine liliwanyima hawa usingizi. Mwisho Waingereza wakawapa hati za uhuru, na King na mkewe Violet wakasafiri kwa merikebu mpaka Nova Scotia.

Lakini simulizi hili lina upungufu. King alikusudia kushuhudia imani yake, kwa hiyo vita avipita upesi mno. Na Violet, ambaye naye alikuwa mtumwa huko North Carolina, aliponaje katika vita vile? Mumewe hatuambii, wala yeye hakuandika.

Pamoja na hayo, sisi tufundishao tarikh twafaa kumsoma King. Tukisha kuwataja majemadari, na tuulize ni nani aliyelala na kiu nje ya kambi. Tena tuwaulize bibi zetu wangali hai, tukaandike wasemayo, yasije yakapotea kama ya Violet.