Nani Alisema Nini: Mzalendo Ilivyoifungua Hansadi ya Kenya

Karibu kila neno linalotamkwa kwenye kikao cha Bunge la Kenya huingia katika Hansadi, kumbukumbu rasmi ya mijadala. Lakini kuandikwa ni jambo moja, kufikiwa na mwananchi ni jingine. Katikati ya miaka ya 2000, aliyetaka kujua mbunge wake alisema nini kuhusu barabara au bei ya unga hakuwa na pa kuanzia. Ndipo Ory Okolloh na Conrad Akunga walipoanzisha Mzalendo, tovuti ya kumfuatilia mbunge mmoja mmoja. Mwaka 2012 ilijengwa upya kwa Pombola, programu huria ya shirika la mySociety la Uingereza.

Msomaji huona picha ya mbunge, chama, eneo bunge na hotuba zake. Kazi yenyewe iko nyuma ya ukurasa huo. Hansadi hutolewa kwa faili za PDF: mtu huzisoma bila shida, ila kompyuta haijui hotuba inaanzia wapi na kuishia wapi. Kwanza maandishi yachotwe, vichwa na nambari za kurasa ziondolewe, kisha programu isake jina la msemaji mwanzoni mwa aya na kukata hapo.

Baada ya kukata linakuja swali gumu zaidi: aliyesema ni nani? Mchukue Uhuru Kenyatta kati ya 2009 na 2012. Alikuwa mbunge wa Gatundu Kusini, tena Naibu Waziri Mkuu na Waziri wa Fedha. Akijibu maswali ya wizara, Hansadi ilitanguliza cheo, jina likafuata kwenye mabano. Wengine huandikwa kwa jina la ukoo tu, na jina hilo laweza kuwa la wabunge wawili. Naibu Spika wa Muda naye aweza kuwa mtu huyu asubuhi, mwingine alasiri. Suluhisho ni hifadhidata inayomtambua kila mtu mara moja tu, kisha kumwekea vyeo vyote alivyoshika na tarehe zake. Programu hulinganisha jina, cheo na siku ya kikao. Ikikwama, mhariri huamua kwa mkono.

Anayetafuta naye awe mwerevu. Wabunge huchangia kwa Kiingereza au Kiswahili, na Hansadi huwanukuu walivyosema. Ukitafuta "maji" pekee, umezikosa hotuba zote za Kiingereza kuhusu visima na mabwawa.

Udhaifu mkubwa, hata hivyo, hautoki kwenye programu. Tovuti haiwezi kuonyesha kisichorekodiwa. Mbunge anayechambua mswada kwa makini kamatini anaweza kuonekana bubu akihesabiwa kwa hotuba za kikao cha Bunge zima, huku msemaji hodari asiyesoma mswada akionekana mchapakazi. Kura ndizo zenye giza zaidi. Maamuzi mengi hupitishwa kwa sauti: Spika anauliza, ukumbi unaitikia, anatangaza upande ulioshinda. Hakuna jina linalobaki.

Tofauti ilionekana Juni 2024. Tarehe 25, Mswada wa Fedha, wenye mapendekezo ya kodi, ulipita kusomwa mara ya tatu kwa kura 195 dhidi ya 106. Kwa kuwa kura zilihesabiwa kwa majina, orodha za majina zilisambaa mitandaoni, na wapiga kura wakawauliza wabunge wao moja kwa moja. Siku iliyofuata Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia saini, ingawa kilichomsukuma zaidi ni maandamano ya vijana walioupinga.

Mafundi wamefanya sehemu yao. Iliyobaki ni ya Bunge lenyewe: kubadilisha Kanuni za Kudumu ili mswada wowote unaogusa kodi upigiwe kura kwa majina, bila kungoja wabunge waombe. Hadi hapo, jedwali la hotuba lisomwe pamoja na ripoti za kamati, kwani peke yake linamwonyesha msemaji tu.