Ubao Usiofutwa

Saa tatu asubuhi ya Jumamosi, darasa la kidato cha tatu lina wanafunzi tisa tu na mwalimu wao. Madirisha yako wazi, na upepo wa bahari ya Tanga unapeperusha kona za madaftari. Mezani mwalimu amepanga vipande vinne vya chaki nyeupe, kimoja cha njano, na kitambaa kilicholoweshwa maji cha kufutia ubao. Nilikaa pembeni saa nne na nusu nzima, na sikumwona akikigusa kitambaa hicho hata mara moja.

Aliandika swali moja juu kabisa ya ubao, kwa Kiingereza, kama linavyosomeka kwenye mtihani. Kisha akaenda kukaa dawati la nyuma, katikati ya wanafunzi wake, akalitazama kimya kwa muda mrefu kana kwamba ndiyo kwanza analiona. Alipolifungua, alilifungua kwa Kiswahili.

"Chukueni namba mbili kamili, chanya. Tuziite a na b. Zizidisheni, ongezeni moja. Hiyo iwekeni kando. Sasa a mraba jumlisha b mraba. Ikitokea hii ya pili ikagawanyika kwa ile ya kwanza bila baki, basi jawabu la mgawanyo litakuwa namba mraba. Moja, nne, tisa, kumi na sita. Siku zote. Tuonyeshe kwa nini."

Hakuwaambia swali limetoka wapi, na nadhani alifanya makusudi. Ni swali la sita, la mwisho, katika Olimpiadi ya Kimataifa ya Hisabati ya mwaka 1988, iliyofanyika Canberra, Australia. Mashindano hayo ya wanafunzi wa sekondari yalianzia Romania mwaka 1959 yakiwa na nchi 7. Mtihani huchukua siku mbili, maswali matatu kila siku, kwa saa nne na nusu, na kila swali lina alama 7. Swali hili lilipelekwa na Ujerumani Magharibi. Kamati ya maswali ya Australia, watu sita akiwemo George Szekeres na mkewe Esther, wajuzi wakubwa wa kazi hii, haikuweza kulitegua. Likapelekwa kwa mabingwa wanne wa nadharia ya namba nchini humo, wakaombwa walishughulikie kwa saa sita. Ndani ya muda huo hakuna aliyelimaliza. Waamuzi wakaliingiza kwenye mtihani hivyo hivyo, na vijana 11 wakalijibu kikamilifu. Terence Tao, mwanahisabati mashuhuri wa baadaye, aliyetimiza miaka 13 mwezi ule wa mashindano na kuondoka na medali ya dhahabu, kwenye swali hili alipata alama 1.

Mtoto akielezwa hayo mapema, mkono unakufa ganzi kabla haujashika kalamu. Mwalimu aliwapa namba kwanza.

Alichora mstari wa wima, akaitenga theluthi ya kushoto ya ubao. "Huku ni kwa majaribio," akasema. "Kikishaandikwa huku, hakifutwi." Wakaanza. Moja na moja: mbili kugawanya kwa mbili, jawabu moja. Moja na mbili: tano kwa tatu, haigawanyiki. Mvulana wa mbele akataka kuiruka na kuendelea. Mwalimu akamsimamisha: "Baki ngapi?" Mbili. "Iandike." Mbili na tatu: kumi na tatu kwa saba, baki sita. Mbili na nne: ishirini kwa tisa, baki mbili. Kila jozi iliyokataa iliandikwa na baki yake, kwa mwandiko ule ule wa jozi iliyokubali, mstari chini ya mstari. Walipofika mbili na nane, 4 jumlisha 64 ikawa 68. 2 mara 8 jumlisha moja ikawa 17. Na 68 kwa 17 ni nne kamili. Darasa likachangamka. Mwalimu hakuzungushia duara wala kupiga mstari. Alishuka tu kwenye mstari uliofuata.

Nimewaona walimu wengi wakifundisha hesabu, na wengi wao, walionifundisha mimi wakiwemo, hufuta. Njia ikikwama, dasta inapita, na mwanafunzi anabaki na picha ya ubao safi wenye jawabu lililoshuka kama mvua. Huyu alikuwa akijaza ukuta kwa makosa yake mwenyewe, na kila alipokwama alirudi nyuma hatua tatu, akakunja mikono, akausoma ukuta ule kuanzia juu.

Ikaja tatu na ishirini na saba: 738 kwa 82, tisa. Mvulana wa mbele akanyoosha mkono. Nane ni mbili mara mbili mara mbili. Ishirini na saba ni tatu mara tatu mara tatu. Ukichukua namba yoyote pamoja na kipeo chake cha tatu, mgawanyo unakubali, na jawabu ni mraba wa ile namba ya kwanza. Alikuwa sahihi kabisa, akathibitisha kwa mistari miwili. "Umeona vizuri, mwanangu," mwalimu akamwambia, na akaandika jambo hilo upande wa kulia, penye nafasi ya yaliyokwisha kuthibitika. Halafu akauliza kwa sauti ya chini: "Ni hizo tu?"

Swali hilo lilikula karibu dakika arobaini. Hapo ndipo niliposhangazwa zaidi na kazi yake, maana hakufanya lolote linaloonekana. Alitembea kati ya madawati. Alipoona mtu anarudia jozi iliyokwisha kujaribiwa, alimwonyesha ubao kwa kidole. Jawabu analijua, bila shaka. Uso wake haukulitoa. Mwishowe msichana mmoja aliyekaa karibu na dirisha, ambaye alikuwa ameishika nane na kuijaribu na kila namba kuanzia tisa kwenda juu, bila kuruka hata moja, alisema: "Mwalimu, nane na thelathini." Wakahesabu wote. 64 jumlisha 900 ni 964. Nane mara thelathini jumlisha moja ni 241. 964 kwa 241 ni nne. Na thelathini si kipeo cha tatu cha nane, wala haikaribii.

Sasa mwalimu akaichukua chaki ya njano. Hakuandika kitu kipya. Alipiga mstari chini ya nane katika jozi ya mbili na nane, kisha chini ya nane katika jozi ya nane na thelathini. Jozi mbili, nane ile ile, jawabu nne ile ile. Akarudi dawati la nyuma, akakaa.

Kilichofuata kilitoka kwa wanafunzi. Waliishika ile nane isiondoke, wakaishika na nne, wakaiacha a peke yake bila kuijua. Kwamba a² + 64 ni sawa na mara nne ya 8a + 1. Ukihamisha kila kitu upande mmoja unapata

a² − 32a + 60 = 0

na huu ni mlinganyo wa kawaida wa kipeo cha pili, wa aina ambayo kila mmoja wao ameifanya mara mia. Namba mbili ambazo jumla yake ni 32 na zao lake ni 60. Mbili na thelathini. Zile jozi mbili zilizowachukua asubuhi nzima kuzipata, moja kwa bahati na nyingine kwa jasho, zilikuwa majawabu mawili ya mlinganyo mmoja.

Msichana wa dirishani hakungoja kuambiwa. Aliiacha nane, akaishika thelathini, akapata mlinganyo ambao majawabu yake jumla ni 120 na zao ni 896. Moja analo tayari, ni nane. La pili basi ni 120 kutoa 8, yaani 112. Akaihakiki jozi ya 30 na 112: 13,444 kwa 3,361, nne. Hakuhitaji kuitafuta kwa kupapasa. Mwalimu akamwomba ageuke sasa, ashuke. Shika mbili: jumla ya majawabu ni nane, moja ni nane, basi lile jingine ni sifuri.

Mwalimu akachora ngazi katikati ya ubao, vidato vitano, na juu ya kila kidato namba: 112, 30, 8, 2, 0. Pale chini aliandika jozi ya mwisho, mbili na sifuri, akaiingiza kwenye swali lenyewe. Juu, mbili mraba jumlisha sifuri. Chini, sifuri jumlisha moja. Jawabu ni mbili mraba. Ile nne iliyokuwa ikiwatazama toka asubuhi haikubadilika kidato hata kimoja, na pale chini ilionekana wazi inatoka wapi.

Fundi mwepesi angeishia hapo, maana ngazi tayari inapendeza. Yeye alisema ngazi hii moja imeonekana kwa macho, lakini hakuna aliyethibitisha kwamba kila ngazi inafika chini. Akaibadili nne kuwa k, namba yoyote, akachukua jozi yoyote inayokubali, a ikiwa kubwa kuliko b au sawa nayo. Jawabu la pili la mlinganyo akaliita c. Akauliza mambo matatu, moja moja, kama mtu anayegonga ubao wa mashua kusikiliza kama una ufa.

Je, c ni namba kamili? Ndiyo, kwa kuwa a na c jumla yake ni k mara b. C ni hiyo kutoa a, na hapo hakuna sehemu inayoweza kuingia. Hili lilipita upesi.

Je, c yaweza kuwa chini ya sifuri? Hapa alikaa sana, na nilimwona akifurahi kukaa. Walipanga upya: c² − kbc + b² − k lazima iwe sifuri. Kama c ingekuwa hasi, basi ile −kbc ingegeuka chanya, tena isiyopungua k, ikatosha kuifuta ile −k ya mwisho na kuacha vipeo viwili vya pili vilivyo chanya. Jumla ingezidi sifuri. Haiwezekani. Mvulana wa mbele alilirudia kwa maneno yake mara tatu, na mara ya tatu mwalimu akatikisa kichwa kukubali.

Je, c ni ndogo? Zao la a na c ni b² − k. Kwa hiyo c ni b² − k ikigawanywa kwa a, yaani pungufu ya b² kwa a. Na a si ndogo kuliko b, basi c ni ndogo kuliko b. Kila hatua inashuka. Namba kamili zinazoshuka bila kuwa hasi haziwezi kushuka milele. Zitasimama, na mahali pekee pa kusimama ni sifuri. Pale penye sifuri, k ni b mraba, b ikiwa ile namba iliyosalia.

Uhusiano huo wa jumla na zao la majawabu unahusishwa na François Viète, mwanasheria Mfaransa wa karne ya 16, na njia hii ya kuruka kutoka jawabu moja hadi jingine wanaolimpiadi huiita kwa jina lake. Ule ushukaji usio na mwisho alikuwa akiutumia Mfaransa mwingine wa karne iliyofuata, Pierre de Fermat. Hapa havikuhitajika vifaa vingine.

Ilikuwa saa saba na dakika kumi na tano. Hapo tu ndipo mwalimu alipowasimulia habari za Canberra, kwa ufupi, huku akijipangusa chaki mikononi. Wanafunzi waliutazama ubao wao: kushoto safu ndefu za majaribio, hamsini na kitu, kila moja na baki yake, katikati ngazi, kulia mistari minane ya uthibitisho. Msichana wa dirishani alikuwa bado anaandika.

"Mwalimu," akasema, "kule chini tukitoa moja badala ya kuongeza, itakuwaje?"

Mwalimu akaitazama saa ya ukutani, kisha ubao. Nafasi iliyobaki ilikuwa chini kabisa, karibu na sakafu. Akavunja kipande cha chaki, akachuchumaa. Moja na mbili: tano kwa moja, tano. Moja na tatu: kumi kwa mbili, tano. Moja na nne: kumi na saba kwa tatu, baki mbili. Aliiandika ile baki. Wanafunzi walikuwa wameanza kutoka kwenye madawati na kuinama nyuma yake. Mbili na tatu, baki tatu. Mtu akasema jaribu mbili na tisa: themanini na tano kwa kumi na saba.

"Tano tena," akasema mvulana wa mbele, na mwalimu akasogea kando kidogo ili msichana apate mahali pa kuchuchumaa.