Peasi limekomaa, halijaiva

Mpeasi niliukuta na nyumba, hapa Lushoto, na aliyeuotesha hakuacha jina la aina yake. Mwaka wa kwanza nikaufanya kama mpera: nikangoja matunda yawe manjano. Yakawa manjano, tena ya kupendeza. Nilipopasua la kwanza, moyo wake ulikuwa kahawia, rojorojo, ilhali nyama ya karibu na ganda bado nzima.

Kosa lilikuwa langu. Mapeasi yenye asili ya Ulaya huiva kuanzia ndani kuja nje, hivyo ubavu ukishalainika, moyo umekwisha zamani. Yakikawia mtini pia huzidisha zile chembe ngumu zinazosagika menoni kama mchanga. Mti kazi yake ni kulikomaza tunda. Kuiva ni kazi ya nyumbani. Anayevundika ndizi hahitaji kuelezwa zaidi.

Ugumu ni kuijua siku ya kuchuma. Msimu uliofuata nilianza na rangi: kijani kilichokolea kilipauka kidogo, na vile vidoa vidogo vya ganda, vilivyokuwa vyeupe, vikaanza kugeuka kahawia. Nikapasua moja, mbegu zimeanza kubadilika rangi. Mbegu peke yake sizitegemei sana. Shahidi niliyemwamini ni kikonyo. Unalipakata tunda kiganjani, unaliinua taratibu mpaka lilale usawa wa ardhi. Lililokomaa hukatika lenyewe, tak, pale kikonyo kinaposhikana na tawi. Likigoma, liache. Ukilivuta unaweza kung'oa na kile kijitawi kifupi kinachozaa, na hapo umejinyang'anya mavuno ya mwakani.

Mti haukomazi yote kwa siku moja. Niliuzungukia mara tatu, kila baada ya siku chache, nikianza na makubwa ya juu penye jua.

Yaliyochumwa yalikuwa magumu kama viazi, na mtoto mmoja aliyeonja alitema. Ndipo linapokuja jambo ambalo ndizi hailitaki: baridi. Peasi aina ya Williams, ambayo Wamarekani huiita Bartlett, huhitaji siku chache tu za friji. Anjou huhitaji wiki kadhaa. Mimi, kwa mti usio na jina, niliyatia yote friji, kisha nikatoa machache kila wiki nikayaweka mezani, kwenye nyuzi 18 hadi 21 hivi, wanga ugeuke sukari. Ya haraka niliyafunga kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu, kwa sababu ya gesi yake ya ethilini. Kila asubuhi nilibonyeza shingo, karibu na kikonyo, si ubavu. Shingo ikiitikia kidole, ni la kuliwa siku hiyo.

Mapeasi ya Asia, yale ya mviringo kama tofaa, hayamo katika hesabu hii. Hayo huachwa yaivie mtini.

La mwisho lilikaa friji wiki tatu na mezani siku tano. Nililila nimeinama juu ya sinki, maji yakinichuruzika hadi kiwikoni.