Krimu Mbili, Ukuta Mmoja

Mtu akisita kati ya krimu mbili zinazokaribiana, mara nyingi huamua mahali pasipofaa: dukani, chini ya taa nyeupe, juu ya kadi ndogo kuliko kiganja. Kwa nyumba ya Oltepesi, kando ya barabara ya Magadi, uamuzi huo uanzie dirishani. Krimu kwa kawaida ni nyeupe ya titani iliyotiwa oksidi kidogo ya chuma. Ya njano ikizidi, ukuta huelekea siagi. Nyekundu ikizidi, huelekea waridi. Kwenye kadi tofauti hiyo hufichika. Kwenye kuta nne hujitokeza, kwa kuwa mwanga hutoka ukuta huu ukaangukia ule, na kila mara hukolea rangi.

Ushauri wa Ulaya kwamba chumba cha kaskazini ni cha baridi hautufai. Oltepesi iko karibu na ikweta: jua la adhuhuri huinamia kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Kinachobadilisha ukuta hapa ni asubuhi na jioni. Dirisha la magharibi huingiza mwanga wa rangi ya chungwa jua linapokaribia kuzama, na krimu yenye wekundu huiva kupita kiasi. Kwa sebule yenye dirisha hilo ningechagua ya njano, isipokuwa familia hukaa humo usiku chini ya balbu nyeupe sana, ambayo huifanya njano ipauke.

Wapo watakaosema jicho huzoea, kwa hiyo tofauti si kitu. Ni kweli jicho huuzoea ukuta ulio peke yake. Lakini vigae na kochi havihami. Kila siku huuweka ukuta kwenye mizani, na krimu ya waridi kando ya kigae cha kahawia ya kijani haitapatana nacho hata baada ya mwaka. Basi nunua kopo dogo la kila moja, upake ubao mikono miwili, kwa maana mkono mmoja huacha rangi ya chini ionekane. Uusimamishe kando ya kigae, uutazame saa mbili asubuhi, saa saba mchana, jioni, na taa zikiwaka. Krimu zote mbili zikibaki sawa, chukua iliyo nyepesi zaidi.